Tulipompelekea Mwanahawa Mbuzi wa Maziwa

Jirani zangu wa Kwaluguru, mlikuja kunipokea mkaniuliza safari ilikuwaje, nami nikajibu "nzuri" kama mtu anayeitikia salamu. Mkaona nimerudi bila mbuzi, macho yamevimba, mkaacha kuuliza. Haikuwa jeuri. Kwa mdomo sikuweza, ndiyo maana nawaandikia. Marehemu baba alinifundisha herufi za Kiarabu ili nisome Kurani, na hakujua kwamba siku moja nitazitumia kwa jambo la namna hii. Nimeandika kidogo kidogo, nikichoka naacha. Anayejua kusoma awasomee wenzake.

Mnamjua binti yangu Mwanahawa, aliyeolewa na Abdi, Mshambaa wa Kwashemshi, kule milimani juu ya Korogwe. Mnamkumbuka pia Shechambo, mdogo wake Abdi, aliyekuja tukiwa shambani tunang'oa visiki na kusubiri masika. Alifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Aliniamkia shikamoo, akakaa chini, akanywa maji, halafu akasema, "Mama, Mwanahawa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto hana maziwa. Maradhi ya mifugo yalipita kwetu mwaka jana, hatuna hata mbuzi mmoja wa kukamua. Nyumbani wanaomba mbuzi."

Nikamuuliza, "Na mwenyewe Mwanahawa, yukoje?"

"Amepumzika, mama."

Nikasema alhamdulillahi. Mwanamke aliyetoka kujifungua hupumzika, ndivyo nilivyosikia mimi.

Kutoka Kwaluguru hadi Chanika

Kaka yangu Mhando hakuwa na mpango wa kusafiri. Goti lake mnalijua, tangu aanguke enzi za uwindaji wake hapendi mwendo mrefu. Lakini alizungumza na Shechambo pembeni, kwenye ukuta wa ghala, na aliporudi akasema, "Dada, tunakwenda wote." Nilifurahi. Niliona amefanya hivyo kwa sababu ya mjukuu.

Nilimchukua yule mbuzi wangu mweusi mwenye doa jeupe shavuni, pamoja na mtoto wake, kwa sababu mbuzi akitenganishwa na mtoto maziwa hukauka njiani. Nilifunga mahindi ya kukaanga, mihogo mikavu na chupa ya asali, na kanga mpya niliyokuwa nimemwekea mzazi. Tulitoka umande haujakauka. Mtoto wa mbuzi alikuwa akirukaruka mbele yetu, anakimbia, anasimama, anageuka kutuangalia kama anayetudharau kwa uzito wetu. Mimi nilikuwa naongea njia nzima. Nilisema nitamkanda Mwanahawa kwa maji ya moto kama mama yangu alivyonikanda mimi, nitampikia uji wa mtama. Wenzangu waliitikia tu.

Tulilala Chanika kwa binamu yetu, na asubuhi yake ndipo tulipokwama. Wadachi, Wajerumani wale wa boma la Handeni, walikuwa wanatafuta watu wa kubeba mizigo ya safari, na askari walikuwa barabarani wanashika kila mwanamume mwenye mabega. Walimshika Shechambo, wakamshika na kaka yangu pamoja na goti lake. Tulikalishwa chini ya ukuta mpaka jua likawa kali. Mbuzi wangu alikula majani yote yaliyokuwa karibu, akaanza kutafuna kamba.

Hatimaye Shechambo aliinuka akamwendea mkubwa wa askari wale, akamnong'oneza maneno machache. Yule askari aligeuka akanitazama mimi, si wao. Alikuwa mtu mwenye sura ngumu, lakini aliinamisha kichwa. Akasema, "Piteni. Mama, pita." Tena akatusindikiza mpaka nje ya mji ili wenzake wasitushike.

Nikamwambia kaka, "Huyu kijana ana ulimi. Amempa nini yule?"

Kaka akasema, "Amemwambia ukweli tu." Na akaongeza mwendo.

Siku ya upepo

Tulilala katika kijiji cha njiani. Kesho yake upepo uliamka pamoja nasi. Mnaujua upepo ule unaotangulia masika, unaokuja na vumbi jekundu na kuvua makuti ya nyumba, ila kule porini hauna kitu cha kuuzuia. Migunga ilikuwa inalala upande mmoja. Mbuzi aliupa upepo mgongo, manyoya yamemsimama, akagoma kutembea, na mtoto wake akajibanza chini ya tumbo. Ilibidi Shechambo avute na mimi nisukume.

Sasa niwaeleze jambo. Kaka yangu si mtu wa maneno, mnamjua. Lakini siku ile hakunyamaza. Kila tulipopiga hatua kidogo alikuwa na kitu cha kunionyesha.

"Dada, tazama wale kanga." Kundi la kanga lilikuwa limejikunyata nyuma ya kichuguu, vichwa chini, wote wameelekea upande mmoja. "Wote wanautazama upepo. Ndege akiupa mgongo, manyoya yanafunuka baridi inaingia. Wewe hujawahi kuliona hilo?"

Kweli sikuwahi. Nimepika kanga wengi maishani, sikuwahi kuwatazama.

Akanionyesha hondohondo aliyetaka kuvuka uwazi kutoka mti hadi mti. Alipaa, upepo ukambeba kando kama jani, akarudi kwenye tawi lile lile, akajipanga, akapaa tena. Tulisimama kumwangalia mpaka alipovuka, na mimi nikapiga makofi. Akanionyesha tumbusi waliokuwa juu sana, wao upepo umewafaa, wanazunguka bila kupiga bawa. Akanionyesha mama ngiri na watoto wake, mikia imesimama na upepo unaipinda. Walifika kwenye shimo lao, mama akawaacha watoto watangulie, halafu yeye akaingia kinyumenyume, uso nje. Nilicheka. Nikasema, "Huyo anafunga mlango kwa mwili wake mwenyewe."

Shechambo alikuwa ametazama upande mwingine.

Mbele kidogo tuliona digidigi amesimama peke yake kwenye majani mafupi, masikio yanachezacheza kwa kuwa upepo ulimzuia kusikia. Kaka akasema, "Hawa huishi wawili wawili, dume na jike. Ukimwona mmoja peke yake, basi mwenzake..." Akakatiza hapo. Nikasubiri amalizie. Akasema, "Basi mwenzake yuko karibu," na akanionyesha kiota cha mnana kilichokuwa kinaning'inia juu ya njia.

Nawaambia kweli, ilikuwa siku nzuri. Vumbi lilinijaa mdomoni na miguu iliniuma, lakini nilikuwa nahesabia moyoni mambo ya kwenda kumsimulia Mwanahawa.

Adhuhuri tulipumzika penye mkwaju. Tulimfungua mbuzi ale, na mtoto wake akatoka chini ya tumbo kwa mara ya kwanza siku ile, akaanza kuruka juu ya jiwe na kushuka. Kaka alinyanyua uso akasema taratibu, "Kipungu." Nikaangalia. Ndege mkubwa alikuwa amesimama hewani, hapigi bawa, haendi mbele wala nyuma, kama aliyetundikwa. Kanga wote walianza kupiga kelele vichakani. Kaka aliinuka na fimbo, na goti likamsaliti.

Ilikuwa haraka kuliko ninavyoweza kuandika. Yule ndege alikunja mabawa akashuka, na mtoto wa mbuzi akalia mara moja. Alikuwa mzito kwake, wakaburuzika chini, nikadhani atamwachia. Kisha upepo ukaingia ndani ya yale mabawa, ukamwinua. Walipita juu ya migunga, miguu minne midogo inaning'inia. Shechambo aliwakimbilia. Alikimbia ndani ya miiba mpaka tukampoteza.

Aliporudi, miguu yake ilikuwa inachuruzika damu. Alikaa chini, akaweka kichwa magotini, akalia. Hakulia kama mwanamume anayejificha. Alilia kwa sauti mpaka mabega yakawa yanatikisika.

Nilimwonea huruma, lakini pia nilishangaa. Nikamshika bega nikamwambia, "Shechambo, mwanangu, huyo ni mbuzi. Tutafika, Mwanahawa atakucheka ukimsimulia."

Akazidi kulia. Kaka yangu alikuwa amesimama ametupa mgongo, anautazama upepo. Akasema, "Twende."

Mbuzi hakutaka kuondoka mahali pale. Tulimburuta, naye aligeuza kichwa akiita, anasimama kusikiliza, anaita tena.

Kwa bibi wa kuku

Jioni tulipokewa na bibi mmoja anayeishi karibu na mto, mjane mwenye kuku wengi kuliko watu. Alitupa bada, ugali wa muhogo, na mlenda, na kambare wa kukaushwa kwa moshi. Upepo ulikuwa bado unavuma, na chini ya ghala lake kulikuwa na tetea aliyefunika vifaranga mpaka akawa bapa, vichwa vinachungulia kwenye manyoya yake. Bibi alisema mwewe wamemsumbua tangu asubuhi, maana upepo unawafanya wawe na njaa.

Nilijaribu kumkamua mbuzi. Kiwele kilikuwa kigumu, lakini alizuia. Nilimpapasa, nikamwimbia, hakuachia.

Bibi akaniambia, "Usimwache hivyo. Mkamue hata tone moja. Ukimwacha leo na kesho, maziwa yatakauka na utakuwa umevuta kamba bure. Unampelekea nani?"

"Binti yangu, bibi. Amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza."

Uso wake ulifunguka wote. Aliinuka kwa taabu, akaingia kwenye banda, akanitolea kuku mwekundu, mnene, amefungwa miguu. "Mpelekee mzazi anywe supu. Mwambie ni bibi wa mtoni, hatujuani, lakini na mimi nilizaa."

Nilimshukuru sana. Shechambo aliacha chakula katikati akatoka nje. Nikamwambia kaka kwamba kijana huyu hali, ataanguka njiani. Kaka akasema, "Ana lake." Nilikamua tena, nikapata maziwa ya kufunika kitako cha kata. Bibi akasema yanatosha kwa kuanzia.

Kuvuka Ruvu

Asubuhi mvushaji wa Ruvu, huu mto wetu unaoshukia Pangani, alikataa kutuvusha. Mto ulikuwa na mawimbi na mtumbwi wake haukuwa na kina, tena kulikuwa na kiboko aliyekasirika upande wa ng'ambo. Tukakaa kwenye mchanga na watu wengine waliokwama. Yangeyange walikuwa wamejipanga ukingoni, shingo zimeingia ndani ya miili, kama wazee wanaongoja kuitwa. Niligawa mahindi ya kukaanga. Mwenzetu mmoja alikuwa na maembe. Niliwaambia watu nisiowajua kwamba naenda kumwona mjukuu wangu, nao wakanipongeza.

Jua lilipokuwa kichwani upepo ulipungua. Mbuzi alifungwa miguu akalazwa ndani ya mtumbwi, na mvushaji akaniambia nimfunike kichwa asilie, maana mamba wanaijua sauti ile. Nilimfunika na ile kanga mpya. Nilihisi pumzi yake ya moto mapajani mwangu mpaka tulipogusa nchi.

Korogwe

Korogwe ina kelele. Gari la moshi lilikuwa limesimama linapiga pumzi, na watu wa kila kabila wanapishana na mizigo. Wanawake wa milimani walikuwa wamekaa mstari mmoja wanauza ndizi na viazi. Shechambo alitaka tupite haraka. Alisema njia ya Kwashemshi ni ndefu. Lakini mimi nilitaka ndizi za kumpelekea Mwanahawa, nikasimama.

Mwanamke mmoja katika wale aliinuka. Alimsalimu Shechambo kwa Kishambaa, kisha akanitazama muda mrefu. Mnajua Kishambaa na Kizigua havipishani sana, nilielewa kila neno.

"Wewe ndiye mama yake," alisema. "Paji la uso ni lile lile. Pole, mwenzangu. Tulimwosha sisi majirani, na tulimzika vizuri. Usiwe na wasiwasi kwa hilo."

Nilimsikia, nikamwelewa, na bado nikamuuliza, "Mmemzika nani?"

Akaweka mkono mdomoni. Akamwangalia Shechambo, akamwangalia kaka yangu.

Sikumbuki nilivyokaa chini. Nakumbuka gari la moshi lilipiga filimbi na mbuzi akashtuka, akanivuta mkono, na sikuiachia kamba. Nakumbuka kuku mwekundu wa mzazi yuko chini mavumbini miguu imefungwa, ananitazama kwa jicho moja. Wale wanawake wa ndizi walisimama wote wakanizunguka kwa nguo zao ili wapita njia wasinione.

Baadaye nilimwita kaka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Kwaluguru. Pale ghalani."

"Na ndege wote wale ulionionyesha?"

Akachuchumaa mbele yangu na lile goti lake bovu. "Dada, nilikuwa sina neno lingine. Nikinyamaza ungenitazama usoni."

Shechambo akasema, "Mama, nilitumwa mbuzi. Mwanamke jirani alikuwa anamnyonyesha mtoto, mumewe akahama na mkewe kwenda kwenye mashamba ya katani. Kama ningekuambia kule kwenu, ungelala chini, na mtoto asingekungoja." Akaongeza, "Nilimpenda shemeji yangu. Ndiye aliyekuwa akinipikia."

Nilikasirika nao wote wawili. Niliinuka, nikashika kamba ya mbuzi mwenyewe, nikaanza kutembea kuelekea milimani.

Kupanda Kwashemshi

Njia ile yote sikuona kitu. Waliniambia baadaye kwamba tulipita maporomoko ya maji na migomba mirefu. Mimi niliona visigino vya Shechambo tu.

Mama Abdi, mkwe wake Mwanahawa, alitoka nje kunilaki na mtoto kifuani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, ambaye siku ya harusi hatukuelewana hata kidogo. Nilimwona mwenye maringo, naye bila shaka aliniona mshamba wa porini. Alikuwa amefungua nguo, na mtoto alikuwa ananyonya titi lake lisilo na kitu. Alisema, "Namdanganya tu ili anyamaze. Nimempa maji ya ndizi, nimempa uji mwepesi. Anatapika."

Mtoto alikuwa mwepesi kama kuku. Ngozi ya mapaja ilikuwa inaning'inia.

Tulimfunga mbuzi mlangoni nikakaa kumkamua. Hakutoa kitu. Nilivuta mpaka vidole vikafa ganzi, na kwa mara ya kwanza nikalia kwa sauti, nimeegemea ubavu wa yule mnyama. Ndipo mtoto naye akalia, mle ndani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakatikakatika. Mbuzi aligeuza kichwa. Masikio yalisimama. Aliita kwa sauti ya chini, ile ambayo sikuisikia tena tangu penye mkwaju. Nikamwambia Mama Abdi, "Mlete hapa nje." Akamleta, akakaa naye mbele ya pua ya mbuzi, mtoto analia, mbuzi anamnusa kichwani. Nikahisi kiwele kinalegea mikononi mwangu. Maziwa yakaja.

Tuliyachemsha na maji, tukachovya kitambaa kisafi, tukamdondoshea. Alinyonya kitambaa kile mpaka akakishika kwa vidole. Hakutapika.

Abdi alinipeleka kaburini akiwa amenitangulia, hawezi kunitazama. Udongo ulikuwa bado unafahamika kuwa mpya. Alisema, "Aliuliza mara mbili kama mama yake amefika." Nikamwambia asiseme zaidi.

Asubuhi ya kuondoka

Nilikaa mpaka arobaini ya Mwanahawa ikasomwa. Masika ilikuwa imeanza. Mtoto alikuwa amepata mashavu. Nilimwomba Mama Abdi nimchukue mjukuu wangu, nimlee kwetu. Hakukasirika. Alisema, "Ni wako kama alivyo wangu. Ukisema unamchukua, sitakuzuia." Nikamtazama mtoto, nikafikiri juu ya lile pori, na mto uliokuwa umejaa, na mbuzi ambaye akichoka tu anazuia maziwa. Nikasema, "Namwacha." Kusema neno hilo kulikuwa kugumu kuliko kaburini.

Asubuhi yake kaka yangu alikuwa tayari nje na fimbo. Tulikuwa tumepatana, yeye na mimi, bila kuzungumza. Nilijitwika mzigo wangu. Mama Abdi akanishika mkono mlangoni.

"Usiondoke kwanza," alisema. "Siku moja huyu ataniuliza mama yake alikuwaje. Mimi nimemjua akiwa mke wa mwanangu tu. Niambie alivyokuwa mtoto."

Niliweka mzigo chini. Tukakaa kwenye mkeka, mtoto amelala katikati yetu. Nilimwambia kwamba Mwanahawa alichelewa kutembea, tukadhani ana kasoro, halafu siku moja akainuka akaenda moja kwa moja mpaka kwa jirani. Nilimwambia alikuwa akicheka usingizini. Alikuwa hapendi bamia. Aliogopa radi lakini si nyoka. Alinisaidia kumzika baba yake akiwa mdogo, akanishika mkono mpaka watu wote wakaondoka. Mama Abdi alikuwa anayarudia maneno yangu taratibu kwa Kishambaa, ayashike. Kaka yangu alichoka kusimama, akaketi nje ukutani.

Nilisimulia mpaka nikafika siku ile alipotoka kwangu na kanga mbili na sufuria, akigeuka kunipungia. Hapo sauti ilinikatika. Nilijaribu tena, haikutoka.

Mama Abdi akaniwekea mkono gotini. "Kuanzia hapo namjua mimi," alisema. Na akaanza kunisimulia.